Sura ya Sita: Apokelewe Nani, Kibarikiwe Nini

Mnamo Februari 2007 wakuu wa makanisa ya Kianglikana kutoka pande zote za dunia walikutana Dar es Salaam. Jumapili ya tarehe 18 walivuka bahari kwenda Unguja kusali katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka huo ilitimia miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa, na mahali pa kumshukuru Mungu kwa hilo hapakukosekana. Ila siku mbili kabla, saba kati ya wakuu hao walikuwa wametangaza kwamba hawawezi kuikaribia Meza ya Bwana pamoja na mwenzao mmoja. Mfarakano huo walivuka nao.

Mwenzao huyo alikuwa Katharine Jefferts Schori, Askofu Kiongozi wa Kanisa la Episkopali la Marekani. Mwaka 2003 kanisa lake lilimweka wakfu Gene Robinson, mwanamume aliyekuwa akiishi na mwenzi wa kiume, kuwa askofu wa New Hampshire. Jefferts Schori, wakati huo akiwa askofu wa Nevada, aliunga mkono. Tangu hapo kanisa lake lilikuwa limesema linasikitika kwa maumivu waliyoyapata wengine, lakini halikusema kwamba lilikosea.

Msomaji aliyelelewa katika Ukatoliki atauliza kwa nini mkubwa wao hakuamua, mambo yakaisha. Waanglikana hawana mkubwa wa namna hiyo. Walichonacho ni mazoea marefu ya kuishi pamoja huku wakitofautiana: juu ya mitala, juu ya uzazi wa mpango, juu ya talaka, na sasa juu ya mapenzi ya jinsia moja. Ukizichambua tofauti hizo moja moja, utaona kwamba kila mara kanisa lilikuwa likihangaika na moja kati ya maswali matatu. Nani apokelewe? Nini kibarikiwe? Nani awekewe mikono? Swali la kwanza liliwatesa, lakini wakalipatia njia. La pili liliwatesa zaidi. La tatu ndilo lililowafanya wale saba waukatae mkate.

Shauri lisilo sheria

Badala ya mkubwa wana mkutano, wenye jina la Lambeth. Lambeth ni jumba la Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wao wa heshima, kando ya mto Thames, London. Mwaka 1867 Askofu Mkuu Charles Longley aliwaita humo maaskofu wote wa Kianglikana duniani, na 76 wakaitikia. Mtu aliyechangia sana kuufanya mkutano ule uitishwe hakualikwa. Huyo ni John William Colenso, askofu wa Natal kusini mwa Afrika.

Colenso alikuwa ameandika kitabu kilichohoji ukweli wa kihistoria wa vitabu vitano vya kwanza vya Biblia. Mkuu wake, Robert Gray wa Cape Town, alimvua uaskofu mwaka 1863. Colenso alikata rufaa London, na mwaka 1865 mahakama ya juu ya Malkia ikaamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Kwa ghafla maaskofu waliotapakaa duniani wakagundua kwamba hawajui nani anamtii nani. Wengine walitaka mkutano utakaotoa amri, wengine wakaiogopa amri hiyo kabla haijatoka. Longley akawatuliza kwa kuahidi kwamba mkutano wake hautatunga sheria yoyote.

Ahadi hiyo haijawahi kuondolewa. Mkutano wa Lambeth hufanyika takriban kila baada ya miaka kumi, na azimio lake ni shauri. Linakuwa sheria pale tu sinodi ya jimbo inapolipitisha, iwe ni Kenya, Tanzania, Nigeria, Wales au Marekani. Majimbo hayo, yaitwayo kwa pamoja Ushirika wa Anglikana, sasa ni zaidi ya 40, na kila moja lina katiba yake na mahakama yake ya kanisa. Kwa hiyo tunaposema kwamba "Waanglikana wameamua" jambo, mara nyingi tunasema zaidi ya ukweli. Wameshauriana, kisha kila mmoja akarudi kwake.

Mzee na wake zake

Colenso alikuwa na ugomvi mwingine na wenzake, nao ndio unaotuhusu hapa. Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu, na alikaa nao kiasi cha kuielewa ndoa yao. Mwaka 1862 alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury kuwatetea wanaume wenye wake wengi waliotaka kubatizwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kujibu. Mwanamume ameoa wake watatu kwa desturi halali ya watu wake, kabla hajalisikia jina la Kristo. Mmisionari anamwambia awaache wawili ndipo abatizwe. Hao wawili wamekosa nini? Watoto wao watakuwa wa nani? Na tangu lini kanisa linalokataza talaka likaifanya talaka kuwa mlango wa kuingilia kwake?

Wenzake hawakumsikia. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888 uliamua, kwa kura 83 dhidi ya 21, kwamba mwenye mitala asibatizwe, ila ahesabiwe kuwa mwanafunzi wa imani hadi atakapoweza kuikubali sheria ya Kristo. Kuhusu wake zake, kura 54 dhidi ya 34 ziliruhusu wabatizwe katika hali fulani, na hali hizo ziamuliwe na wakuu wa kanisa wa mahali.

Hiyo tofauti ya kura ina maana. Hata mwaka 1888, maaskofu walioshikilia kanuni kwa mkono mmoja waliilegeza kwa mkono wa pili, wakamwachia askofu aliye karibu na mji wa huyo mama aamue. Ndiyo tabia ya Kianglikana kwa ukamilifu wake: kanuni inabaki ilivyoandikwa, na nafasi ya huruma inaachwa kwa mtu wa mahali.

Lakini kwa wanaume nafasi hiyo haikuwapo, na matokeo yake yalionekana vijijini kwa miaka 100. Mzee alihudhuria ibada, alitoa sadaka, aliwapeleka watoto wake kubatizwa na kusoma shule ya misheni, naye mwenyewe akabaki benchi la nyuma bila ubatizo, pengine akingoja kubatizwa kitandani anapokata roho. Au alitii, akachagua mke mmoja. Mara nyingi aliyechaguliwa hakuwa yule wa kwanza. Walioachwa walirudi kwa wazazi ambako mahari yalikuwa yamekwisha kuliwa, wakapoteza shamba la kulima, na watoto wakabaki ukoo wa baba. Kanisa liliandika kwamba mwanamume ameshika ndoa ya Kikristo. Hao wanawake hawakuandikwa popote.

Hoja ya Colenso ilirudi Lambeth mwaka 1988, safari hii mikononi mwa Waafrika wenyewe. David Gitari, askofu wa Mlima Kenya Mashariki na baadaye Askofu Mkuu wa Kenya, alikuwa ameiandikia na kuitetea kwa muda mrefu. Azimio la 26 la mwaka huo linaanza kwa kusisitiza kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Kisha linasema kwamba mwenye mitala anayeipokea Injili aweze kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake walioamini, kwa masharti. Aahidi kutooa tena maadamu yupo hai mmoja wa wake aliokuwa nao alipoongoka. Waumini wa mahali pale waridhie apokelewe. Naye asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya hasara ambayo mke huyo angeipata katika jamii.

Sharti la mwisho ni kana kwamba Sobantu aliliandika mwenyewe, miaka 105 baada ya kufa. Hata hivyo tusiliongezee azimio hilo yasiyomo. Halikusema mitala ni njema. Halikumruhusu kasisi kufungisha ndoa ya mke wa pili. Halikuufungua uchungaji kwa mwenye wake wawili. Na kwa Mkristo anayeoa mke wa pili baada ya ubatizo, lilibaki kuyaomba majimbo yaelezane namna bora ya kumwadibisha na kumchunga. Huko mambo hutofautiana hadi leo: pengine anatengwa na Meza yeye tu, pengine na mke mpya, pengine wazee wa kanisa wanangoja miaka na kuangalia mwenendo. Azimio lilijibu swali la kwanza, nani apokelewe, na mengine mawili likayaacha kama yalivyokuwa.

Waingereza na yao

Ni rahisi kudhani kwamba kulegezewa kanuni ilikuwa haja ya Afrika peke yake. Mwaka 1908 Mkutano wa Lambeth ulilaani njia za kuzuia mimba. Mwaka 1920 ukarudia kuonya. Mwaka 1930, kwa kura 193 dhidi ya 67, ukakubali kwamba wanandoa Wakristo wenye sababu nzito za kimaadili wanaweza kuzitumia, dhamiri ikiwa mwongozo wao. Mwishoni mwa mwaka huohuo Papa Pius XI alitoa waraka uliolifunga jambo hilo kwa Wakatoliki. Kwa Waanglikana halikufungwa wala kufunguliwa lote: askofu aliyeendelea kuamini kwamba ni dhambi aliendelea kufundisha hivyo, na hakuna aliyejitenga.

Talaka iliwachukua muda zaidi. Mwaka 1936 Mfalme Edward VIII aliachia taji kwa sababu ya mwanamke mtalaka, na Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo hakuficha msimamo wake. Mwaka 2002 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliruhusu mtalaka ambaye mwenzi wake wa zamani yu hai afunge ndoa tena kanisani, katika hali za pekee. Uamuzi waliachiwa makasisi, mmoja mmoja. Kasisi asiyekubaliana na hilo halazimishwi. Ndiyo maana kanisa hilohilo, katika mji huohuo, linaweza kuwa na kasisi anayefungisha ndoa hizo Jumamosi na mwenzake wa mtaa wa pili anayezikataa, na wote wawili wakakutana kwenye kikao cha dayosisi Jumatatu.

Mwaka 2005 Charles, mrithi wa taji, alimwoa Camilla bomani, huko Windsor, kisha wakaenda kanisani kuombewa. Leo yeye ndiye Mfalme na, kwa sheria ya nchi yake, Mtawala Mkuu wa Kanisa la Uingereza. Utaratibu wa kwenda bomani kwanza na kanisani baadaye hauwezi kuwashangaza Waafrika Mashariki. Makanisa yetu mengi hubariki ndoa za watu waliokwisha kuishi pamoja kimila kwa miaka ishirini na kupata wajukuu.

Mambo haya matatu, mitala, uzazi na talaka, yanafanana kwa kitu kimoja. Yote yalihusu waumini wa kawaida na kasisi wao. Mkristo wa Embu hakuhitaji kujua kama mtalaka fulani wa Leeds amefunga ndoa kanisani, na huyo wa Leeds hakuulizwa lolote kuhusu wake za mzee wa Embu. Tofauti iliweza kukaa mahali ilipozaliwa.

Sentensi moja, nusu mbili

Tarehe 5 Agosti 1998, katika Chuo Kikuu cha Kent, Canterbury, maaskofu walipigia kura Azimio namba 1.10 juu ya jinsia. Walioliunga mkono walikuwa 526, waliopinga 70, na 45 hawakupiga upande wowote. Azimio lilisema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa maisha yote, na wasioitiwa ndoa wajizuie. Lilisema mkutano hauwezi kushauri miungano ya jinsia moja ihalalishwe au ibarikiwe, wala walio ndani yake wapewe daraja. Lilisema pia kwamba maaskofu wanajifunga kusikiliza maisha ya watu wanaovutiwa na jinsia yao, na kwamba hao, wakiwa wamebatizwa na kuamini, ni viungo kamili vya Mwili wa Kristo.

Maneno makali zaidi yaliongezwa ukumbini na Mtanzania. Donald Mtetemela, askofu wa Ruaha na Askofu Mkuu wa Tanzania, alitoa hoja kwamba azimio liseme wazi kuwa matendo ya ngono ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Hoja ikapita. Ukilisoma azimio leo utaikuta imewekwa mwanzo wa sentensi ambayo, kabla haijaisha, inawataka waumini kuwahudumia watu wote kwa upole na kulaani woga usio na sababu dhidi ya mashoga.

Tangu siku hiyo kila upande umekuwa ukiisoma nusu yake. Mwaka 2023 Uganda ilipopitisha sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alimwandikia Askofu Mkuu Stephen Kaziimba kupinga hatua ya Kanisa la Uganda kuiunga mkono, akitaja yale yaliyokubaliwa 1998. Kaziimba naye alikuwa akiwashutumu Waingereza kwa kuyavunja yaleyale. Wote wawili walikuwa na aya ya kuonyesha.

Kwa nini maaskofu wa Afrika Mashariki walisimama imara namna ile? Sababu moja ni Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wa Uamsho walitubu hadharani, wakataja dhambi kwa majina, na uaminifu wa ndoa ukawa alama ya mtu aliyeokoka. Uganda inayo pia kumbukumbu ya vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga waliouawa kati ya 1885 na 1887, ambayo kanisa la huko huisimulia kama habari ya watu waliomkataa mfalme katika jambo hilihili. Kwa maaskofu waliolelewa hivyo, kulegeza kamba hapa kulikuwa kuikana imani iliyowaleta.

Hapo ndipo baadhi ya Wamagharibi walipowakumbusha kuhusu 1988. Miaka kumi tu iliyopita, walisema, mliomba tuwavumilie wenye mitala kwa ajili ya utamaduni wenu, nasi tukakubali. Mbona sasa hamtuvumilii? Swali hilo lilistahili jibu, na jibu lipo ndani ya masharti ya Azimio la 26. Mwenye mitala anaahidi kutoongeza mke. Anapokelewa akiwa na historia yake, na historia hiyo inaishia kwake. Hakuna ibada ya kuibariki na hakuna askofu mwenye wake wawili. Wakosoaji wa Lambeth 1998 hujibu kwamba mzee wa wake watatu aliruhusiwa kubaki na kulala na wake zake wote hadi kufa, jambo ambalo wapenzi wawili wa jinsia moja hawakupewa. Nalo ni kweli. Kulinganisha huko hakumpi yeyote ushindi kamili, ila kunaonyesha mahali hasa walipotengana: upande mmoja uliomba watu wapokelewe, na upande wa pili ukawa umeshafika kwenye kubarikiwa na kuwekewa mikono.

Mikono ya askofu

Novemba 2, 2003, Gene Robinson aliwekwa wakfu akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi chini ya mavazi yake. Miezi michache kabla, dayosisi ya New Westminster nchini Kanada ilikuwa imebariki muungano wa jinsia moja kwa mara ya kwanza. Baraka ile ilileta malalamiko. Uaskofu wa Robinson ulileta mpasuko.

Sababu iko katika muundo wa kanisa lenyewe. Kwa Waanglikana askofu hawekwi kwa ajili ya dayosisi yake tu. Anawekewa mikono na maaskofu waliowekewa mikono na wengine, na anayemtambua mmoja hutakiwa kuwatambua wote. Kasisi aliyepewa daraja na Robinson angekuja Dodoma au Nakuru na barua yake mkononi, angepewa altare? Kwa mara ya kwanza tofauti ya ndoa haikuweza kukaa mahali ilipozaliwa. Kila askofu duniani alitakiwa kusema kama anaitambua mikono ile.

Juhudi za kuziba ufa zilikuwa nyingi. Tume iliyoongozwa na Robin Eames wa Ireland ilitoa Ripoti ya Windsor mwaka 2004, ikaomba pande zote zisitishe hatua zao. Mwaka 2008 zaidi ya maaskofu 200 walisusia Lambeth, na wengi wa mrengo wao walikuwa wamekwenda Yerusalemu kuanzisha vuguvugu la Gafcon. Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, aliamua mkutano wa mwaka huo usipitishe azimio lolote. Badala yake maaskofu walikaa katika vikundi vya indaba, baraza la Kizulu ambamo kila mtu husema hadi wote wamesikika. Lilipendeza, na halikuamua kitu. Agano la pamoja lililopendekezwa ili liwafunge wote lilikwama mwaka 2012, lilipokataliwa na dayosisi nyingi za Uingereza yenyewe.

Kila nchi na fundo lake

Kwa kuwa dunia nzima haikuweza kukubaliana, majimbo yalianza kujitengenezea taratibu za ndani.

Uskoti, mwaka 2017, Kanisa la Episkopali liliondoa katika kanuni zake maneno yaliyoifanya ndoa kuwa ya mume na mke peke yake. Kasisi anayetaka kufungisha ndoa ya jinsia moja huomba aandikishwe, na asiyetaka hafanyi lolote. Kukaa kimya ni kukataa, na kukataa hakuhitaji maelezo.

New Zealand, mwaka 2018, ilikataa kugusa fundisho la ndoa lakini ikawaachia maaskofu uhuru wa kuruhusu ndoa za kiserikali zibarikiwe. Ikaongeza ulinzi wa pande mbili: kasisi hashtakiwi kwa kubariki, wala hashtakiwi kwa kugoma. Pamoja na hayo baadhi ya mitaa iliondoka na kuunda kanisa lake.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2015 ndoa hizo ziliruhusiwa pale askofu anaporidhia, na maaskofu wachache hawakuridhia. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu ukaamua kwamba waumini wa kila dayosisi ya nchini wapate nafasi hiyo, na askofu asiyekubali aombe askofu mwingine awahudumie. Askofu William Love wa Albany alikataza ndoa hizo katika dayosisi yake. Mwaka 2020 jopo la kanisa lilimkuta na hatia, akajiuzulu. Kwa walioshinda, haki ilikuwa imefika Albany. Kwa walioshindwa, uhuru wa dhamiri ulikuwa umeishia mlangoni pa askofu.

Uingereza ilichagua njia nyembamba kuliko zote. Sheria ya nchi ya mwaka 2013 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja inalizuia Kanisa la Uingereza kuzifungisha. Februari 2023, baada ya mjadala wa miaka mingi, Sinodi Kuu iliunga mkono maombi maalumu kwa wapenzi wa jinsia moja, na mwezi Desemba yakaanza kutumika ndani ya ibada za kawaida. Wanaombewa watu. Ndoa yao haitajwi kuwa ndoa takatifu, na ibada haitakiwi kufanana na harusi. Kasisi asiyependa hayatumii. Welby mwenyewe alisema hatayatumia, ili abaki kiungo cha wote. Haikutosha. Ndani ya majuma mawili baada ya kura ile ya Februari, baadhi ya wakuu wa majimbo ya Kusini mwa dunia walitangaza kwamba hawamtambui tena kuwa kiongozi wa Ushirika wa Anglikana.

Afrika nayo haina sauti moja. Afrika Kusini, ambako sheria iliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2006, kanisa halikuzipokea. Mpho Tutu, kasisi na binti wa Desmond Tutu, alimwoa mwanamke Mholanzi, na mwaka 2016 akalazimika kurudisha leseni yake ya kuhudumu. Mwaka 2022 alizuiwa kuongoza mazishi ya baba yake wa ubatizo katika kanisa moja la kijijini Uingereza, kwa sababu hiyohiyo. Familia ikahamishia ibada bustanini.

Kuachana bila kuachana

Welby alikuwa ameusema ukweli wa hali hiyo waziwazi katika Lambeth ya mwaka 2022, ambayo Nigeria, Rwanda na Uganda hazikuhudhuria. Aliwaambia maaskofu kwamba kwa majimbo mengi Azimio 1.10 bado linasimama na kuligeuza kungewaaibisha mbele ya jamii zao, na kwamba kwa majimbo mengine kutolibadili kungewaaibisha vilevile. Aliongeza kwamba walio wachache hawakufika huko kwa uzembe, walisoma na kuomba. Na kwamba hana mamlaka wala nia ya kumwadhibu yeyote.

Desemba 2024 tume ya kimataifa ya Kianglikana ilitoa mapendekezo yanayobeba majina ya miji ya Nairobi na Cairo. Yanataka kubadili maelezo ya mwaka 1930 yanayosema kwamba Mwanglikana ni yule aliye katika ushirika na kiti cha Canterbury. Badala yake majimbo yatambuliwe kwa urithi wao wa pamoja na uhusiano wao wa kihistoria na kiti hicho, na uongozi wa baraza la dunia uzunguke kati ya mabara. Kwa maneno mengine, jamaa wakubali kwamba kwa sasa hawali sahani moja, lakini wasikane undugu. Gafcon imeona hilo halitoshi. Oktoba 2025, siku chache baada ya Sarah Mullally kutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha Canterbury, mwenyekiti wa Gafcon, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, alitangaza kwamba wao sasa ndio Ushirika wa Anglikana wa kweli.

Basi je, njia ya Kianglikana imeshindwa? Inategemea ilitarajiwa kufanya nini. Ilipoulizwa nani apokelewe, ilichukua miaka 100 lakini ikapata jibu lililomwacha mama nyumbani kwake. Ilipoulizwa nini kibarikiwe, ilipata majibu mengi, kila nchi na lake, na kila jibu likawa na watu waliofunga virago. Ilipoulizwa nani awekewe mikono, haikuwa na mahali pa kuificha tofauti, kwa sababu mikono ya askofu ni ya wote. Kanisa lolote linalotaka kuwaweka pamoja watu wasiokubaliana juu ya ndoa litapita palepale. Afadhali lijue mapema liko kwenye swali lipi, kwani uvumilivu unaotosha kwa la kwanza hautoshi kwa la tatu.

Lipo jambo la kupima, ambalo kura hazilionyeshi. Maaskofu waliowaamulia wake wenza mwaka 1888 walikuwa wanaume watupu, na waliowarudishia haki mwaka 1988 walikuwa wanaume watupu pia. Mwanamke wa kwanza aliwekwa kuwa askofu mwaka uliofuata. Robinson hakualikwa Lambeth ya 2008. Mwaka 2022 maaskofu wenye wenzi wa jinsia moja walialikwa, wenzi wao wakaachwa. Na mkulima wa Uganda anayedhihakiwa na jirani yake Mwislamu au Mlokole kwa sababu ya jambo lililofanywa New Hampshire, naye hakuulizwa na mtu. Mapatano huandikwa na walio ukumbini, na gharama yake huenda kwa asiyekuwapo. Azimio la 26 limedumu bila kupigiwa kelele kwa sababu liliukumbuka upande huo: pamoja na kumwekea mume masharti, lilijiuliza nini kitampata mke.